Michezo Kumi Juu ya Duara Lililofukiwa

Nilikuwa na sababu mbili za kuondoka Ibadakuli. Ya kuwaambia watu ilikuwa kumsindikiza Masanja, mtoto wa marehemu kaka yangu, aende akashindane. Ya pili ilikuwa gunia la mavuvuzela na filimbi, nililolinunua kwa bei ya kutupa kwa mfanyabiashara mmoja aliyeamini timu yetu ya mpira itapanda daraja. Haikupanda. Niliyahesabu mavuvuzela yale, nikayahesabu tena, nikaona yote yapo na hayanisaidii kitu. Nikajisemea kwamba penye michezo kumi hapatakosa watu wa kupuliza.

Mchezo wa Masanja unaitwa dekathloni. Nikiutaja sokoni, watu hudhani ni dawa ya mifugo. Kumbe ni mtu mmoja kufanya kazi ya watu kumi kwa posho ya mmoja. Siku ya kwanza anakimbia mita mia, anaruka chini, anatupa tufe, anaruka juu, anamaliza na mita mia nne. Siku ya pili anaruka viunzi, anatupa kisahani, anaruka kwa upondo, anarusha mkuki, halafu akiwa amebaki ngozi na mifupa anaambiwa akimbie mita elfu moja na mia tano. Kila mchezo una alama zake. Mwisho zinajumlishwa, na jumla ndiyo inayosema wewe ni nani.

Safari hii jumla ilikuwa na uzito. Kocha wa kambi moja ya riadha ya Mwanza alikuwa anakuja kutazama, na alishatangaza kwamba atakayevuka alama elfu sita anaondoka naye siku ile ile. Kitanda, chakula, posho, na mtu wa kumfundisha anayejua anachofundisha. Masanja ana miaka ishirini na mitatu. Mchana anabeba magunia ya mpunga mashineni, jioni anaruka kamba ya kuanikia nguo aliyoifunga kati ya miti miwili. Kocha alisema pia kwamba hatarudi tena upande huu. Kwa hiyo ilikuwa safari hii au magunia mpaka mgongo ukatae.

Alfajiri tulikuwa stendi ya Shinyanga, na matatizo yakaanza na upondo. Upondo wa Masanja ni mwanzi mnene alioukata na kuukausha mwenyewe, mrefu kuliko basi lilivyo pana. Konda akauzunguka kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Huyu naye ni abiria," akasema. "Tena mrefu. Alipe nauli kamili."

"Basi mpe kiti," nikamwambia. "Na mimi nataka kumwona akikikalia."

Tulivutana mpaka dereva akaanza kupiga honi. Mwisho upondo ukapanda juu ya basi kwa nusu nauli, kama mtoto, kwa sharti langu kwamba asije akashushwa Tinde kumpisha mbuzi wa mtu. Masanja alikuwa amejificha nyuma ya magazeti kwa aibu. Aliniambia shangazi, siku moja utapatana bei na malaika. Nikamwambia malaika ajiandae.

Tinde tukanunua karanga. Isaka tukasimama muda mrefu tukipisha malori. Kahama tukaingia jua likiwa limeshachoma lami, tukatembea mpaka Nyahanga, kwa kuwa kule ndiko zinakopatikana zile gari ndogo za kwenda machimboni, watu wanaziita michomoko. Tulikokuwa tunakwenda ni mji mdogo wa wachimbaji, kati ya Kakola na Geita, nje kidogo ya barabara kubwa. Jina lake silitaji. Sababu mtaiona mbele.

Dereva wa mchomoko alikuwa mcheshi. Alifunga upondo juu ya gari bila hata kuudai nauli, jambo lililonitia wasiwasi, maana mtu asiyedai ana analolijua. Akaniuliza gunia lina nini. Nikamwambia mavuvuzela na filimbi, za kuuza kwenye mashindano. Akacheka, akapunguza mwendo, akacheka tena. Kisha akazima redio.

"Mama, utarudi nayo yote," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema atakayenieleza ni mwenyeji, yeye kazi yake ni usukani. Redio hakuiwasha mpaka tulipofika.

Saa tisa mchana tulishuka. Anayejua miji ya wachimbaji anajua makarasha, zile mashine za kusaga mawe yenye dhahabu. Zinapiga kelele asubuhi mpaka usiku, mtu anaongea kwa kupiga kelele hata akiomba chumvi. Siku ile makarasha yalikuwa kimya. Yalisimama kwenye mabanda yake, mikanda imelegea, na vumbi jeupe la mawe limelala juu ya kila kitu: mabati, migomba, mikono ya watu. Watu walikuwepo wengi. Walikuwa wamekaa mbele ya vibanda, wanatuitikia salamu kwa sauti ya mtu aliye hospitalini.

Tulipokelewa na Mzee Maduhu, msimamizi wa maduara. Duara ndilo jina la shimo la uchimbaji huku. Ni mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo na vidole vilivyopinda. Masanja akampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikajitambulisha, Mama Kabula wa Ibadakuli. Nikageuka nimtambulishe na kijana, mzee akainua kiganja.

"Huyu usimtaje," akasema. "Ana namba?"

Alikuwa ameshapewa namba, saba, kwenye kitambaa cha kubandika kifuani. Mzee akasema basi, kuanzia hapa mpaka mtakapoondoka yeye ni Saba.

Akatupeleka kuuona uwanja. Ulikuwa tambarare, mpana, umemwagiwa marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishaoshwa. Njia ya kukimbilia ilikuwa imechorwa kwa chokaa. Kuuzunguka kulikuwa na nyumba na mashamba na maduara mengine, ila pale katikati ya mji wote palikuwa hapajawahi kujengwa hata choo. Nikauliza, eneo zuri hivi, mbona limelala?

Mzee Maduhu akatueleza akiwa amesimama nje ya chokaa. Alituuliza kwanza kama tunajua namna watu wanavyopandishwa kutoka duarani. Hatukujua. Akasema zamu ikiisha, msimamizi anasimama mdomoni mwa shimo na kuita majina, moja moja. Aliyeitwa anaitika naam, anashika kamba, anapanda. Asiyeitwa hagusi kamba, hata kama anakufa kwa kiu, kwa sababu kamba ni moja na wakiigombania watakufa wote. Kila mchimbaji wa pale analijua hilo kuliko anavyojua sala.

"Hapa palikuwa na duara," akasema. "Mvua iliingia tukiwa tunamaliza zamu. Mimi ndiye niliyekuwa mdomoni. Nilishaita wawili, wakapanda. Wa tatu sikuwahi."

Walichimbua mpaka wakashindwa, ardhi ikawa inarudi. Mwisho wakafukia. Tangu siku ile, juu ya ardhi ile haliitwi jina la mtu. Ukiita moja, akasema, wale wengine watajua nimerudi kumalizia.

Nikamuuliza kuhusu filimbi, maana mfanyabiashara hafi kwa huzuni. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Filimbi na kengele huku ni za maafa tu. Mwenye duara, tajiri wa kutoka nje, ndiye aliyetaka mashindano yafanyike pale, kwa sababu uwanja wa mjini ulikuwa unatengenezwa na yeye alishaahidi kuyagharamia. Wenyeji wakakubali kwa masharti: mashine zizimwe, watu waitwe kwa namba, ishara zote ziwe bendera, na mtu asipige kelele.

"Na jina la utani?" nikauliza.

"Wewe ukiitwa kwa utani huitiki?"

Nikafunga mdomo wa gunia.

Asubuhi ya siku ya kwanza watazamaji walijaa kuzunguka chokaa, wachimbaji na wake zao, wengine wamebeba viti kutoka nyumbani. Bendera ikashuka, vijana wakatoka mbio za mita mia, na kilichosikika ni miguu yao. Miguu tu. Masanja alipofika wa kwanza, mamia ya watu waliinua mikono juu, viganja wazi, wakaishikilia pale, kisha wakaishusha. Hiyo ndiyo ilikuwa shangwe yao. Nimewahi kwenda msiba wenye kelele kuliko pale.

Kwenye kuruka chini alifanya vizuri. Kwenye tufe alifanya nilivyotarajia kutoka kwa mtu mwenye miguu kama ile. Ila tufe lenyewe ndilo lililonifanya nisogee. Lilipotua, nililiona likitua, vumbi likaruka, na mlio wake ukaja baadaye kidogo, mzito, kama mtu amegonga mlango wa chumba cha pili. Nikadhani ni masikio yangu. Nikasubiri tufe la kijana aliyefuata. Likawa vile vile. Nikatazama watazamaji: wote walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, wanasikiliza.

Mbali, kwenye kona ya mwisho ya uwanja, alikaa bibi mmoja peke yake. Mbele yake kulikuwa na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Nikadhani ni mfanyabiashara mwenzangu, nikamwendea kwa lengo la kujua anauza nini na kwa bei gani. Akaniambia kwa upole kwamba hauzi. Nikamuuliza basi hicho ni cha nani. Akasema ni cha mtoto. Jua lilipokuwa linashuka, baada ya mita mia nne, nilimwona akilibeba bakuli lake bado limefunikwa, anaondoka.

Jioni Masanja alikula ugali wa watu wawili na kunyamaza kama wawili. Nikamuuliza kama misuli inauma. Akasema misuli haina neno.

"Wananitazama shangazi kama napimwa sanda," akasema.

Nikamwambia wanamtazama kwa sababu anaongoza. Ilikuwa kweli, alikuwa anaongoza. Lakini hata mimi sikujiamini nilivyolisema.

Siku ya pili ilianza na viunzi. Aligonga kimoja na goti, akamaliza. Kisahani kikaenda. Ukafika upondo, na hapo mwanzi wetu ulirudisha nusu nauli yake yote. Wengine walikuja na vyuma vya bomba vilivyokataa kupinda. Mwanzi ulipinda, ukalia, ukamrusha. Aliponing'inia kule juu miguu mbinguni, watu wakainua mikono, na kwa muda mfupi ilikuwa kama wote wanajiandaa kumdaka. Kwenye mkuki alirusha vizuri kuliko siku yoyote Ibadakuli. Mkuki ukachoma ardhi ukasimama, mkia wake ukatetemeka, ukaendelea kutetemeka. Msaidizi aliyekwenda kuuchomoa alisimama kwanza mpaka utulie mwenyewe. Hakuushika ukiwa unatetemeka.

Kabla ya mchezo wa mwisho kocha alipiga hesabu. Alikuwa mtu wa haraka, hana maneno, funguo za gari mkononi muda wote. Akatuita pembeni akasema, Saba, ukikimbia chini ya dakika tano umevuka elfu sita. Ukizidi dakika tano, hujavuka. Sina la kuongeza. Nilizipitia alama zake mwenyewe, kichwani na tena kwa vidole, nikaona hajatudhulumu.

Saa kumi na moja jioni walijipanga. Mzunguko mmoja wa uwanja ule ulikuwa mita mia tatu, kwa hiyo mizunguko mitano. Kwa kawaida mzunguko wa mwisho hugongwa kengele. Pale angesimama mtu mstarini na bendera nyeupe. Jua lilikuwa nyuma yake, limekaa chini kwenye vumbi, na kwa anayekuja mbio kutoka kona ile, mtu wa bendera alikuwa kivuli chenye kivuli.

Mizunguko mitatu Masanja alikimbia kama saa. Nilikuwa nahesabu, kocha anahesabu, Mzee Maduhu anahesabu kwa kokoto mkononi. Mwisho wa mzunguko wa nne, alipokaribia mstari, kijana mwenye namba tatu aliyekuwa mbele yake alibanwa na misuli, akaanguka pale pale juu ya chokaa. Watu wakainua mikono. Ndivyo wanavyofanya duarani mtu akianguka, wanainua mikono ili aliye juu aone na wengine wapishe. Masanja hakujua. Aliona mstari, akaona mikono mia kwa mia hewani, kama walivyomwinulia siku mbili. Akajua amemaliza. Naye akainua mikono, akatembea hatua chache, akainama akishika magoti.

Bendera nyeupe ilikuwa inapepea nyuma ya kisogo chake.

Kocha akatazama saa yake. Hakuna aliyesema kitu. Wenzake wakampita. Mimi nikaita, "Saba!" Nikaita, "Namba saba!" Hakugeuka. Mtu aliyeitwa jina moja maisha yake yote hageuki kwa namba aliyopewa juzi. Nikaona mgongo wake unapanda na kushuka, na magunia ya mpunga yamejipanga juu yake mpaka uzeeni.

"Masanja!" nikaita. "Masanja, bado mmoja!"

Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaiona bendera, akaondoka mbio ambazo sijamwona akikimbia kabla wala baada.

Mikono yote ikashuka kwa wakati mmoja. Niliisikia ikishuka, nguo zikigusana. Watu waliokuwa wamekaa wakasimama. Hakuna aliyenikemea, hakuna hata aliyenitazama. Walikuwa wanatazama katikati ya uwanja, pasipokuwa na mtu.

Masanja akavuka mstari, akaanguka chali. Kocha akakandamiza saa, akaisoma, akanisogezea niisome na mimi. Dakika nne, sekunde hamsini na nane. Nikaisoma tena. Amevuka. Nilitaka kurukaruka, lakini Mzee Maduhu alikuwa ameshavua kofia yake, amevuka chokaa, anatembea taratibu kwenda katikati.

Alisimama akatazama chini, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kitu. Akasafisha koo.

"Kulwa," akaita.

Akasubiri. Alisubiri muda wa mtu kusikia, kuitika, na sauti kupanda.

"Doto."

Akasubiri.

"Shija."

Mtu aliyekuwa karibu yangu, mchimbaji wa makamo, akaninong'oneza kwamba jina likishaitwa moja lazima yamalizwe. Hawezi kuwaacha wanangoja tena. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeshaelewa, na nilikuwa natamani nisielewe.

"Masele."

Akasubiri. Upepo ulikuwa umesimama, vumbi liko palepale lilipo.

"Masanja."

"Naam," akaitika.

Alikuwa bado amelala chali, macho yamefumba, kifua kinapanda na kushuka. Mzee Maduhu hakugeuka. Nilimwona akiikamata kofia yake kwa mikono miwili. Lakini msimamizi ni msimamizi, akasema neno linalofuata, lile analomwambia kila aliyeitika.

"Shika, upande."

Na Masanja, macho yamefumba, akainua mikono yake miwili juu, akakunja vidole kama anashika kamba. Vijana wawili aliokuwa anashindana nao wakaishika ile mikono, wakamvuta, wakamsimamisha. Ndipo akafumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja akikunja uso, kama mtu aliyetoka gizani.

Mzee akaendelea na majina yaliyobaki mpaka la mwisho. Hakuitika mwingine. Kisha akavaa kofia.

Watu wakafungua njia, na kwenye njia ile akaja yule bibi na bakuli lake. Alimpita kocha, akanipita mimi, akasimama mbele ya Masanja.

"Mimi ndiye Mama Masanja," akasema.

Kocha alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile barabara haipitiki gizani, anaondoka sasa, na kijana au aingie au abaki. Nikamweleza bibi hivyo, kwa adabu zote nilizonazo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Anayepanda anakula kwao kwanza," akasema. "Halafu analala. Kesho ndiyo aende anakokwenda."

"Mama, gari halisubiri."

"Mimi nimesubiri."

Nimepatana bei na watu wa mnadani, wa forodhani, na mganga mmoja wa Maganzo aliyetaka kuku wawili kwa kuniangalia tu. Siku zote mmoja anapanda, mmoja anashuka, mnakutana. Nikaanza na chakula cha jioni bila kulala. Bibi kimya. Nikashuka mpaka kukaa nyumbani kwake kidogo, dereva akiwa mlangoni. Kimya. Hakuwa anashindana nami. Alikuwa amesimama kwenye bei yake moja, na mimi ndiye niliyekuwa natembea huku na huku.

Mwisho nikasema, "Tonge moja, hapa hapa. Na mimi nabaki badala yake. Nitakula kilichobaki, nitalala kwako, nitaondoka asubuhi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni nani wake?"

"Shangazi yake. Mimi ndiye niliyemwita."

"Wangu naye alikuwa na shangazi," akasema. "Hakuja."

Akakaa chini, akafunua bakuli. Ulikuwa ugali wa udaga, unga wa mihogo iliyovundikwa, na nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa. Ulikuwa bado wa moto. Akamega, akaviringisha, akachovya, akauinua mpaka mdomoni mwa Masanja, naye akapiga magoti chini akaupokea bila kuambiwa.

"Umechelewa," bibi akamwambia.

"Nisamehe, mayu," akasema.

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Nyumbani kwetu Masanja anaongea Kiswahili tu. Simaanishi kwamba halijui neno lile, kila mtu analijua. Nasema tu kwamba nilikuwa sijamsikia akilitumia.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni mwa gari, upondo umefungwa juu. Nikamuuliza kwa haraka, mbona uliitika? Mzee wa watu alikuwa anaita watu wake. Akasema hakumsikia mzee yeyote. Alikuwa amelala pale, akanisikia mimi.

"Ulikuwa unaniita, shangazi," akasema. "Kutoka juu sana."

Gari likaondoka. Nikahesabu taa zake za nyuma, mbili, mpaka zikawa moja, mpaka vumbi likazila.

Usiku wa kwa Mama Masanja hauna cha kusimulia. Nilikula kilichobaki, kilikuwa kingi. Tuliongea bei ya udaga na mvua. Aliniuliza kama wangu anakula vizuri, nikasema anakula sana, akasema na wake hivyo hivyo. Nilipewa kitanda kilichotandikwa vizuri mno, shuka zimenyooshwa, mto umepigwapigwa, na nikakilalia ukingoni.

Asubuhi nilizinduliwa na kelele. Makarasha yalikuwa yamewashwa, yote kwa pamoja, mabati yanatetemeka, watu wanapiga kelele za salamu barabarani. Mzee Maduhu alikuja kuniaga. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nimepanga na maneno. Alinizuia kwa kile kiganja chake.

"Nimemaliza zamu, Mama Kabula," akasema, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu ya mashine.

Bibi alikuwa uani anaosha bakuli. Alilisugua kwa mchanga ndani na nje, akalifudikiza juani. Siku ile hakupika cha kupeleka uwanjani. Alinipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ya kula njiani, nikataka kulipa, akakataa, na mimi nikamkubalia bila kubishana. Wanaonifahamu wataona hapo kwamba sikuwa mzima.

Njia ya kurudi niliimaliza kwa siku moja, Kakola, Nyahanga, Isaka, Tinde. Nilikaa dirishani na nafasi tupu pembeni yangu. Konda aliuliza kama imelipiwa, nikamwambia ndiyo, nikailipia.

Nilichojifunza ni kidogo, na bei yake siijui bado. Nilikuwa nadhani jina la mtoto wetu ni letu, tukimwita anakuja kwetu. Kumbe ukilitoa hadharani anaweza kuliokota yeyote aliyekuwa analingoja, na huwezi kumwambia alirudishe. Siwezi kusema nilikosea. Angebaki ameshika magoti pale mstarini, leo angekuwa mashineni na gunia begani. Lakini sijasema pia kwamba nilipatia.

Masanja yuko kambini. Kocha anasema anaendelea vizuri, alama zinapanda. Kila mwezi anatuma kitu kidogo kwangu, na kingine kwa bibi wa kule. Sikumwambia afanye hivyo. Nikimpigia simu, simwiti mfululizo kama zamani. Namwita mara moja tu, nanyamaza, nasubiri. Huwa pana kimya kidogo kabla hajaitika. Yeye anasema ni mtandao. Nami nakubali kwamba ni mtandao, ila simu siikati mpaka niisikie ile naam.